Picha ya kichwa safi, mgonjwa bado mgonjwa

Kijana mmoja wa bodaboda aliletwa kwangu na mamaye. Jana yake alikuwa ameanguka, akajipangusa vumbi na kuendelea na kazi. Picha ya kichwa aliyopigwa hospitalini haikuonyesha damu iliyovuja wala fuvu lililopasuka. "Daktari," mama akasema, "kama picha ni safi, mbona ameniuliza swali moja mara nne tangu asubuhi?"

Msomaji, wengi hudhani ubongo huumia mara moja tu, pale kichwa kinapogonga lami. La hasha! Kwa saa na siku zinazofuata, seli zilizotikiswa huweza kuvimba, nyingine hufa, na kazi yake ya kutengeneza protini huvurugika. Mvurugiko huo ni mdogo mno kuonekana katika picha.

Miongoni mwa vinavyovurugika ni maikroRNA, vipande vidogo vya herufi 22 hivi. Vyenyewe havitengenezi protini. Hushika maagizo yanayotoka kwenye jeni na kuyazuia yasitekelezwe, mfano wa karani anayekalia faili. Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, ambao mwaka 1993 walieleza jambo hili kutokana na mnyoo mdogo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Katika panya waliogongwa kichwa, baadhi ya maikroRNA za ubongo huongezeka na nyingine hupungua. Moja iitwayo miR-21 hupanda, na inaelekea kuzikinga seli zisife. Yaani ubongo hudhurika na papo hapo hujitahidi kujiponya. Kwa kuwa maikroRNA hupatikana pia katika damu na mate, watafiti wanajaribu kuzifanya kipimo cha majeraha yasiyoonekana. Kipimo hicho bado ni cha maabara za utafiti. Usikubali kuuziwa mjini.

Kwa sasa kipimo ni macho yako. Aliyegongwa asiachwe peke yake kwa siku mbili za kwanza. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika tena na tena, akipatwa na degedege, akiwa mgumu kuamka, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkimbize hospitali usiku huo huo. Pombe asionje. Pikipiki pia aiache kwanza, maana pigo la pili kabla ya kupona huweza kuwa baya kuliko la kwanza.

Kijana wangu alibisha sana kuhusu hilo la mwisho. Mamaye alimfichia ufunguo kwa wiki tatu.