Kuweka upya na kusakinisha upya kompyuta

Vitenzi hivi viwili huchanganywa mara kwa mara, na anayevichanganya aweza kupoteza kazi ya miaka. Kuweka upya ni kuiagiza Windows ijijenge tena, aghalabu kutokana na mafaili yaliyomo katika diski yake. Mtumiaji huchagua kubakiza mafaili yake au kufuta kila kitu. Kusakinisha upya ni kuleta nakala ya mfumo endeshi kutoka nje, aghalabu kwa flashi. Kauli ya mafundi ya “kupiga Windows” haibainishi ni lipi kati ya hayo mawili, hivyo mwenye kompyuta hana budi kuuliza.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kuweka upya hushindikana: mgonjwa hutakiwa ajitibu mwenyewe. Mafaili ya mfumo yakiharibika, au zana za urejeshaji zilizofichwa katika diski zikizimwa, kompyuta hutoa taarifa kwamba kumetokea tatizo na hakuna kilichobadilishwa. Pengine mtumiaji hana kosa lolote. Februari 2020, Microsoft iliondoa sasisho la usalama KB4524244 la Windows 10 baada ya kubainika kuwa lilikwamisha kazi hiyo hiyo.

Maneno “hakuna kilichobadilishwa” yafaa kusomwa polepole. Maana yake ni kwamba nyaraka na picha bado zipo, na huo ndio wakati wa kuzinakili katika diski ya nje. Wengi hukimbilia jaribio la pili kwa hasira, wakachagua kufuta kila kitu.

Baada ya kunakili, dirisha la amri hufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Amri reagentc /info huonyesha iwapo zana za urejeshaji zimewashwa. Kama zimezimwa, reagentc /enable huziwasha. Amri sfc /scannow hukagua mafaili ya mfumo na kujaribu kuyatengeneza yaliyoharibika.

Hayo yakishindikana, ndipo husakinishwa upya. Flashi iwe na angalau gigabaiti 8, na ieleweke kwamba yaliyomo hufutwa inapotayarishwa. Kisakinishi kikifunguliwa ndani ya Windows ambayo bado inawaka, huweza kubakiza mafaili na programu; kompyuta ikiwashwa kwa flashi, nafasi hiyo haipo. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa urejeshaji wenye tarakimu 48 utafutwe kabla ya kuanza, kwa kuwa hata fundi hodari hawezi kuubuni.