Burren: Nchi ya Mawe Inayonenepesha Ng'ombe

Mwaka 1651 jenerali mmoja wa jeshi la Kiingereza la Cromwell, Edmund Ludlow, alifika Burren, kaskazini mwa kaunti ya Clare, magharibi mwa Ireland. Hakupapenda. Alilalamika kwamba hapakuwa na maji ya kumzamisha mtu, wala mti wa kumnyongea, wala udongo wa kumzikia. Kila mtu huitazama nchi kwa jicho la kazi yake. Malalamiko hayo yamerudiwa hadi yamechakaa, lakini wengi huishia hapo na kusahau alichokiri baadaye: ng'ombe wa mahali hapo walikuwa wanono, kwa kuwa majani yanayoota katikati ya mawe yale ni matamu.

Kwangu mimi, safari ya Burren inaanzia kwa hao ng'ombe.

Jina lenyewe limetoka katika Kiayalandi, Boireann, yaani mahali penye mawe. Ukisimama juu ya kilima chochote hapo utaona sakafu ya chokaa ya kijivu, imepasuka mistari mistari kama sahani kubwa zilizopangwa kando kwa kando. Aliyewahi kupita Makunduchi, kule Unguja, akaona muhogo ukichipua kwenye vishimo vya mawe ataelewa haraka kuliko Ludlow. Tena undugu si wa sura tu: mawe ya kote kuwili yametoka baharini. Chokaa ya Burren iliumbika zaidi ya miaka milioni 330 iliyopita, kutokana na mabaki ya viumbe wa bahari ya joto yenye kina kifupi, wakati kipande hiki cha dunia kilipokuwa karibu na Ikweta. Inama popote utaona konokono na matumbawe ya zamani hizo yakiwa yamegandia humo humo jiweni. Baadaye sana ikaja barafu nene, ikakwangua udongo na kuacha majabali makubwa yamekaa peke yake juu ya sakafu, kana kwamba kuna mtu aliyaweka.

Maji yapo, ila yamejificha. Mvua ya Ireland, ambayo haina haya, huingia kwenye nyufa, huimumunya chokaa pole pole, kisha hutiririka chini kwa chini mapangoni. Ndiyo maana kuna mabonde ambayo kiangazi ni malisho na baada ya mvua kubwa ni ziwa. Maji huibuka kutoka chini na kurudi kwa njia ile ile, bila mto wa kuyaleta wala wa kuyatoa. Wenyeji huliita bonde la namna hiyo turlough, na wanajiolojia wa nchi nyingine wameliazima neno hilo.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Hifadhi ya Taifa ya Burren, karibu na kijiji cha Corofin. Njia zimewekewa mishale ya rangi: fupi inamalizika kwa nusu saa, ndefu inachukua kama saa tatu na kupanda Mullaghmore. Kilima hiki hakifiki hata mita 200, na mtu wa Kilimanjaro anaweza kucheka. Asicheke. Matabaka ya mawe yake yamepinda kama mkeka uliosukumwa kutoka upande mmoja, na njia ni ya kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, huku nyufa zikisubiri kifundo cha mguu. Buti zenye shingo ni lazima. Mvua ikinyesha, mawe huteleza.

Mwaka 1991 serikali ya Ireland ilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa cha wageni chini ya Mullaghmore. Wenyeji waligawanyika, wengine wakitaka ajira, wengine wakipinga. Kesi na mabishano yakaendelea kwa takriban miaka 10, na ujenzi uliokwishaanza ukabomolewa. Leo hakuna jengo pale. Naona walioshinda walikuwa na haki, ingawa sikuwa mimi niliyekuwa natafuta kazi.

Mwezi Mei ndio wa maua, na hapo wanabotania hutembea wameinama kama watu waliodondosha pete. Jentiani ya buluu kali, ambayo kwao ni milima ya Alpi, inaota jirani na driasi, ua jeupe lenye kiini cha njano ambalo kwao ni Aktiki. Hatua chache mbele utakuta okidi ya nchi za Mediterania, na ndani ya ufa, penye kivuli na unyevu, kangaga laini lisilopenda baridi. Yote haya karibu kabisa na usawa wa bahari.

Ng'ombe wanaingia hapa. Kwingineko Ulaya mifugo hupandishwa milimani kiangazi na kuteremshwa baridi inapoanza. Burren ni kinyume. Kiangazi hakuna maji ya kutosha juu, lakini majira ya baridi mawe hubaki makavu na hutunza joto la jua, basi ng'ombe hupandishwa Oktoba na kukaa huko hadi machipuko. Wanakula majani makavu ambayo yangeyaziba maua, kisha wanaondoka kabla maua hayajachanua. Wakulima walipopunguza desturi hiyo, vichaka vya hazel vilianza kuyafunika mawe. Siku hizi upo mpango unaowalipa kwa kadiri hali ya malisho yao inavyokuwa nzuri.

Usiondoke bila kufika Poulnabrone, kaburi la mawe lenye zaidi ya miaka 5,000, kando ya barabara iendayo kijiji cha Ballyvaughan. Lilichimbuliwa mwaka 1986, na humo ilikutwa mifupa ya watu zaidi ya 30. Nyonga ya mmoja wao ilikuwa bado imechomwa na ncha ya mshale wa jiwe. Uchunguzi wa mifupa uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mwingine alikuwa mtoto mchanga wa kiume aliyezaliwa na hali ya Down, naye alikuwa amenyonya maziwa ya mama. Basi udongo wa kumzikia mtu ulikuwepo, Ludlow hakuutafuta tu.

Majabali ya Moher, mita 214 juu ya Atlantiki, yako karibu na kila basi la watalii litakupeleka. Ni mazuri, na yamejaa watu. Nenda asubuhi mapema, kisha rudi kwenye mawe.

Ireland haimo katika Schengen, hivyo Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Ireland yenyewe. Ya Ufaransa au Ujerumani haitamfikisha. Mabasi yapo kutoka miji ya Galway na Ennis, lakini ni machache. Usiokote mawe kujengea minara midogo ya kupigia picha, maana chini ya kila jiwe kuna kiumbe kimejihifadhi. Na ukiweza, nenda mwishoni mwa Oktoba, siku ambazo wafugaji hupandisha mifugo na kuwakaribisha wageni kutembea nyuma ya kundi. Mbwa haruhusiwi, na viatu vitachafuka.