Jicho la Gari Halimwondolei Dereva Wajibu

Mtaa wa Gisozi, katika Wilaya ya Gasabo mjini Kigali, umekaa mlimani kama ilivyo mitaa mingi ya mji huo. Hapo ndipo lilipo soko la Gakiriro, maarufu kwa mbao, samani na vifaa vya ujenzi. Mbao ndefu hutokeza nyuma ya malori, wachukuzi hupita na mizigo begani, na dereva atafutaye mahali pa kuegesha hana budi kurudi nyuma katika nafasi finyu. Mahali kama hapo panafaa sana kwa kupimia sifa za magari ya kisasa yasemwayo kwamba hujiegesha yenyewe.

Magari hayo si ndoto tena. Mwaka 2003 kampuni ya Toyota ilianza kuuza nchini Japani gari aina ya Prius ambalo, dereva akisha kuonyesha kwenye kioo mahali anapopataka, liligeuza usukani lenyewe wakati wa kurudi nyuma. Breki zilibaki chini ya mguu wa dereva. Tangu hapo kamera za nyuma zimeenea, na magari mengi yaliyokwisha kutumika yaletwayo Afrika Mashariki huja nazo.

Lakini kamera moja haioni umbali. Huona picha tu. Umbali hupatikana kwa hesabu. Mtu akisimama uwanjani, jiwe lililo karibu na miguu yake huonekana chini, na lililo mbali huonekana juu zaidi, kuelekea upeo wa macho. Kompyuta ya gari hutumia kanuni hiyo hiyo. Inajua kimo cha kamera kutoka ardhini, hutazama mahali kitu kinapogusa ardhi katika picha, kisha hukadiria umbali wake.

Hesabu hiyo hutegemea sharti moja: kwamba ardhi ni tambarare. Tuseme kamera iko kimo cha mita 1, na nyuma ya gari ardhi inaanza kupanda sentimita 10 kwa kila mita. Mtoto aliyeketi mita 3 nyuma ya gari atahesabiwa kuwa yuko zaidi ya mita 4. Gari lenyewe likisimama juu ya mwinuko ule ule, kosa hilo halitokei, kwa kuwa kamera huinama pamoja na gari. Hatari iko pale ardhi inapobadilika, kama mlangoni pa ua ulio mlimani.

Ubao uliotokeza nyuma ya lori ni mtego mbaya zaidi, maana haugusi ardhi. Ncha yake ikiwa kimo cha sentimita 80 na umbali wa mita 1, kamera hiyo hiyo itaiona mahali inapoonekana ardhi iliyo umbali wa mita 5. Dereva anayeamini mistari ya rangi katika kioo atauvunja mgongo wa gari lake akidhani nafasi ipo tele.

Mafundi wametafuta dawa. Gari hulinganisha picha zilizopigwa likiwa linasogea, kwa kuwa vitu vya karibu huhama upesi kuliko vya mbali. Mengine yana kamera mbili, kama macho mawili ya binadamu. Vile vidude vya mviringo kwenye bampa hutoa sauti isiyosikika na sikio la mtu na kusubiri mwangwi. Kitu kilicho umbali wa mita 1 huurudisha kwa takriban sehemu 6 za elfu za sekunde. Hata hivyo, tope likiziba kamera, hesabu yote huharibika.

Jambo hili si la kulinda rangi ya gari tu. Mwaka 2014 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kwamba watu wapatao 210 hufa nchini humo kila mwaka kwa kugongwa na magari yanayorudi nyuma, na asilimia 31 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Mara nyingi dereva ni mzazi au jamaa. Ndiyo sababu, tangu Mei 2018, kila gari dogo jipya nchini humo sharti liwe na kamera ya nyuma.

Basi, iwe kambini, kwenye nyumba za askari au nyumbani kijijini, utaratibu wa zamani ungali na kazi. Dereva na alizunguke gari kwa miguu kabla ya kuliwasha. Mama au baba na awashike watoto mkono hadi gari liondoke. Kioo cha kamera kifutwe kila asubuhi. Penye mwinuko au mizigo iliyotokeza, asimame mtu wa kuelekeza, mahali dereva anapomwona. Asipomwona, asimamishe gari mara moja. Kamera ni msaidizi mwema, lakini mguu ulio juu ya breki ni wa dereva, na dhamana ni yake.