KASORO ZA SABUNI YA NAZI INAYOTENGENEZWA NYUMBANI

Wananchi wanaotengeneza sabuni ya mafuta ya nazi bila ya kuipika wanakumbushwa kwamba sabuni ikiharibika umbile, aghalabu sababu ni vipimo. Kostiki soda ipimwe kwa mizani, wala si kwa kikombe. Kilo 1 ya mafuta ya nazi itiwe takriban gramu 174. Gramu 183 humaliza mafuta yote, na kinachozidi hapo huunguza ngozi.

Kasoro na sababu zake ni hizi:

(a) Kumeguka: kostiki imezidi, au sabuni imechelewa kukatwa. Sabuni ya nazi hukazana upesi. Ikatwe ingali na uvuguvugu.

(b) Kubakia laini na yenye mafuta: kostiki imepungua, au mchanganyiko haukukorogwa ukawa mzito kama uji.

(c) Chengachenga: mafuta mazito, kama vile mawese, yaliganda kabla ya kuchanganyika. Yayeyushwe kwanza.

(d) Unga mweupe juu: kostiki imekutana na hewa ikawa magadi. Ufutwe kwa kitambaa chenye maji.

(e) Majimaji kujitenga: huenda ni kostiki. Yasiguswe kwa mkono mtupu.

Aidha, kostiki ndiyo itiwe katika maji, kamwe maji yasitiwe katika kostiki, na sufuria ya alumini isitumiwe. Sabuni iachwe ikauke wiki 4 hadi 6.

Sabuni yenye shaka isiuzwe, kwani atakayeungua ni mtoto wa jirani.