Mtoto Wako Ameambiwa Arudie Kidato?

Kikundi kikiombwa mkopo wa karo ya mtoto "anayerudia", ulizeni kwanza: nani aliamua? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kurudishwa au kuzuiliwa darasani. Jina lisiwachanganye, sekondari imo pia. Hata akipata alama mbaya, anaendelea na wenzake. Mara nyingine shule inalinda wastani wake wa KCSE, siyo mtoto, na mwaka huo wa ziada ni mbuzi wako unaouza.

Nenda na mzazi mwenzako kwa mwalimu mkuu, mwombeni aandike sababu kwa barua. (Barua kama hiyo si rahisi kuandika!) Asipokubali, fikeni kwa bodi ya shule, halafu ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mtoto asikae nyumbani mkingoja jibu.