Vazi kama Neno la Mkopo: Mitindo ya Gothiki na Stimupanki

Yafaa ikumbukwe kwamba neno la mkopo huhamia lugha nyingine pamoja na historia yake, hata wazungumzaji wakiisahau. Kanuni hiyo yadhihirika pia katika mavazi ya wafuasi wa gothiki na stimupanki.

Majina yenyewe yana asili ya dharau. Katika karne ya 16, Giorgio Vasari wa Italia aliyabeza majengo ya Zama za Kati kuwa ni kazi ya Wagothi, yaani washenzi. Mwaka 1765 Horace Walpole, Mwingereza, aliiita riwaya yake The Castle of Otranto, katika chapa ya pili, hadithi ya Kigothi. Tangu hapo neno likafungamana na magofu, mizimu na hofu. Vijana waliokutana katika klabu ya Batcave, iliyofunguliwa London mwaka 1982, wakalivaa mwilini: nguo nyeusi, lesi na wanja mzito. Panki nalo lilikuwa tusi la malaya, kisha la mhuni. Mwaka 1987 mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, aliliunganisha na mvuke, nusu kwa mzaha, ili kuzitaja hadithi za enzi ya Malkia Victoria.

Mitindo hii miwili ikikutana, kila pambo huwa limeng'olewa katika sentensi yake ya asili. Nguo nyeusi alizovaa Victoria tangu kufiwa na mumewe, 1861, hadi kufa kwake, 1901, zilikuwa za msiba. Hapa ni urembo. Miwani ya kukinga macho ya fundi hukaa juu ya kofia ndefu. Magurudumu ya saa yenye meno hushonwa kifuani, kana kwamba mashine ionyeshayo viungo vyake ina utu kuliko ile iliyofungwa ndani ya kisanduku.

Hata hivyo, mvuke huohuo ndio ulioendesha reli ya wakoloni, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Kwa hiyo kofia ngumu ya mtawala wa kikoloni, ambayo baadhi ya wafuasi huivaa, haisomeki Nairobi kama isomekavyo London. Nisi Shawl wa Marekani alilitambua jambo hili: katika riwaya yake Everfair (2016), watu wa Kongo wanautumia mvuke kumpinga Mfalme Leopold II. Hapo mkopo umelipiwa deni lake, kwani historia ya neno imekumbukwa ndipo sentensi mpya ikatungwa.