Mapigo 50 kwa dakika: Mchezaji yuko fiti au anaumwa?

DAKIKA ya 72, Juni 26, 2003, Uwanja wa Gerland, Lyon, Ufaransa. Cameroon inaongoza 1-0 dhidi ya Colombia, nusu fainali ya Kombe la Mabara. Kiungo Marc-Vivien Foé anaanguka katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa. Alifariki dunia siku hiyo hiyo, akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionesha ugonjwa wa kurithi unaofanya misuli ya moyo kunenepa kupita kiasi.

Ndiyo maana klabu makini, kabla ya kumsainisha mchezaji, humlaza kitandani na kumbandika nyaya za ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi.

Kusoma kasi ya moyo hapo wala si uchawi. Kwa kawaida karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde. Imechorwa miraba mikubwa ya milimita tano, kila mmoja sawa na sekunde 0.2, hivyo dakika nzima ni miraba 300. Kila pigo huacha mstari uliochomoka kama mkuki. Hesabu miraba kutoka ncha ya mkuki mmoja hadi unaofuata, kisha gawa 300 kwa idadi hiyo. Ukipata minne, moyo unapiga mara 75 kwa dakika. Ukipata sita, ni mara 50.

Mapigo yasipopishana sawasawa, hesabu hiyo inadanganya. Hapo unahesabu mikuki iliyomo ndani ya miraba 30, yaani sekunde sita, unazidisha kwa 10.

Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Lakini kwa mchezaji aliyeiva kwa mazoezi, 50 au hata 40 si ajabu. Moyo wake unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, hauna haraka.

Mtego uko hapa: moyo mgonjwa nao unaweza kutoa namba safi kabisa. Kuhesabu mapigo kwa vidole shingoni hakuoneshi misuli iliyonenepa. Kwenye ECG, daktari anatazama pia umbo la mistari, na akitilia shaka anaagiza ultrasaundi ya moyo.

Kwa hiyo mchezaji anayezimia mazoezini, anayebanwa kifua akikimbia, au aliyefiwa ghafla na ndugu kijana, asiridhike kuambiwa mapigo yake yako freshi. Adai karatasi isomwe yote.